Ujuzi Uliofungiwa Kabatini

Kila linapozuka swali la kukuza teknolojia ya kienyeji, jibu la kwanza katika mikutano yetu huwa ni jengo. Hutakwa jumba jipya, kompyuta mpya, na utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Sipingi majengo, mimi mwenyewe nafundishia ndani ya mojawapo, na mvua inyeshapo nashukuru. Lakini nadhani tunaanzia mkiani.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa uhandisi alibuni mashine ya kutotolesha vifaranga, yenye kidhibiti joto cha bei nafuu. Vifaranga vyake vya mwanzo vilifia ndani ya maganda. Alihangaika mwaka mzima hata akatambua kwamba katika siku 3 za mwisho, kati ya zile 21, hewa huhitaji unyevu zaidi, la sivyo utando wa ndani ya yai hukauka na kumnasa kifaranga. Alifaulu mtihani, na ripoti yake ikawekwa kabatini. Miaka minne baadaye mwanafunzi mwingine wa idara ile ile alianza kazi ile ile, akaua vifaranga kwa kosa lile lile. Hakuna aliyemwambia. Lawama ni yangu pia, kwani ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi.

Wasomaji wengi wamesikia habari za bonde la Santa Clara huko California, liitwalo Silicon Valley, na aghalabu hudhani siri yake ni fedha. Fedha zilikuwapo, lakini tazama jinsi watu walivyotembea. William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, alifungua maabara yake Mountain View mwaka 1956. Alikuwa bingwa wa fizikia, ila mgumu wa kufanya naye kazi. Mwaka 1957 wataalamu wake 8 walimwacha kwa pamoja, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaihama nayo mwaka 1968 na kuunda Intel. Kila aliyehama alihama na ujuzi wake kichwani. Na sheria ya jimbo lile, tangu 1872, haikumruhusu mwajiri kumfunga mtu kwa mkataba asifanye kazi yake kwingineko. Mwaka 1975 wapenzi wa kompyuta walianza kukutana katika gereji moja huko Menlo Park. Katika chama chao hicho, Homebrew Computer Club, Steve Wozniak aligawa bure michoro ya kompyuta aliyoibuni. Mwaka 1976 yeye na Steve Jobs wakaanzisha Apple. Kwa wale wanaohofia kuibiwa mawazo, nawaombea wamfikirie huyo.

Hata jirani zetu wa Nairobi walianza na watu. Programu ya Ushahidi, iliyokusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliundwa kwa siku chache mwanzoni mwa 2008 na watu waliokwisha kujuana. Jumba la iHub lilifuata mwaka 2010.

Lipo jambo la pili, nalo husemwa kwa nadra: mnunuzi. Saketi unganishi za mwanzo zilikuwa ghali mno kwa raia wa kawaida. Zilinunuliwa hasa na serikali ya Marekani, kwa ajili ya makombora ya Minuteman na safari za Apollo. Sisi hatuhitaji makombora. Lakini shule zetu za sekondari zahitaji stendi za chuma, mizani na vibanio vya neli za majaribio. Stendi ni kazi ya siku moja kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hali sisi tungali twaagiza ng'ambo. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, tunalo tangu 1973. Fundi anayefunzwa bila kununuliwa kazi yake atarudi kuuza mitumba, naye hana kosa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa sayansi waanze na daftari moja tu la klabu, ambamo wanafunzi wataandika yaliyoshindikana na sababu zake, na ambalo halitaondoka na kidato cha nne kinapomaliza. Kisha wampeleke mwanafunzi kwa fundi, na fundi waje naye darasani.

Kabati letu sasa hufunguliwa kila Jumatano alasiri kwa yeyote. Mwezi uliopita alifika mchomeleaji mmoja, mtu mzima, akaisoma ripoti ile ya kwanza akiwa amesimama. Alipomaliza akaniuliza: "Mwalimu, kijana huyu kwa nini alitengeneza sanduku la bati tupu, na bati lapoteza joto usiku kucha? Mbona hakulivika mbao?" Nilimwomba aketi, nikaenda kuwaita wanafunzi.