Kupiga Picha na Kupiga Hodi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kumwona mgeni mwenye kamera kifuani. Mgeni wa aina hii hudamka kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa mwangaza wa alfajiri haumngoji mtu, akaingia katika mitaa asiyoijua wala isiyomjua. Hutembea kutwa. Pengine husimama kwenye njia panda saa nzima akingoja mtu apite mahali fulani penye kivuli kizuri. Mtu hupita, kidole hubonyeza, basi. Jioni hurejea alikofikia miguu ikimuuma, akiwa na picha moja ya maana au asiwe nayo hata moja. Kesho yake huabiri basi la kuelekea mji mwingine. Ni kazi ya subira, na anayeiita uzururaji hajaijaribu. Hata hivyo, ni kazi yenye deni ambalo aghalabu halilipwi.

Bingwa wake mashuhuri alikuwa Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908–2004). Alipopata kamera ndogo ya Leica mwanzoni mwa miaka ya 1930, alizitia weusi sehemu zake zinazong'aa ili watu wasiitambue. Hakupenda taa ya kumulika. Alizunguka India, Uchina na Muungano wa Kisovieti kwa mtindo huo huo wa kunyemelea. Mwaka wa 1952 alitoa kitabu alichokiita Images à la sauvette, nacho Kiingereza kikakipa jina la The Decisive Moment. Hapa wanafunzi wa tafsiri watulie kidogo. Kifaransa husema à la sauvette kuhusu mchuuzi anayeuza bila leseni, jicho moja kwa mnunuzi na la pili kwa polisi. Aliyewaona wachuuzi wa Nairobi wakikunja bidhaa zao askari wa jiji wanapotokea anaielewa maana hiyo bila kamusi. Jina la Kiingereza lilimfanya mpigapicha kuwa mwanafalsafa wa wakati. Lile la Kifaransa lilikuwa limeungama kwamba anachukua haraka na kwa kujificha. Ungamo hilo lilistahili kubaki.

Cartier-Bresson mwenyewe alikiri kuwa picha iliyomsukuma ilitoka Afrika: wavulana watatu wakikimbilia mawimbini, waliopigwa na Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria, mnamo 1930 hivi. Kwa miaka mingi imeitwa picha ya wavulana wa Ziwa Tanganyika. Kwingineko imeandikwa kuwa ni ya Liberia. Baina ya ziwa hilo na Liberia mna maelfu ya kilomita! Picha imesifiwa kote duniani, ilhali watazamaji hawaafikiani kuhusu maji ni ya wapi, na majina ya watoto wale hayatajwi popote inapochapishwa. Swali moja la ufukweni lingetosha. Msichana wa Kiafghani aliyepigwa na Steve McCurry kambini nchini Pakistan mwaka wa 1984 naye alikaa miaka kumi na saba bila jina mbele ya ulimwengu. Alipopatikana mwaka wa 2002, Sharbat Gula alikuwa hajawahi kuiona picha yake.

Watetezi wa kazi hii husema kwamba ukiomba ruhusa, uhai wa picha hufa: mtu hunyoosha shingo, hurekebisha kofia, hutabasamu. Ni kweli. Tena, bila picha za kuibia, mama muuza samaki na hamali wa bandarini wasingeingia katika kumbukumbu yoyote. Lakini hoja hiyo inahalalisha kubonyeza tu, haihalalishi kuondoka kimya. Kamera za leo zina kioo. Aliyepigwa anaweza kuonyeshwa papo hapo, akaulizwa jina, na akikataa picha ikafutwa mbele yake.

Katika miji ya pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, kibaraza kilicho mbele ya nyumba ni njia kwa mgeni, bali kwa mwenyeji ni sebule. Mzee anayecheza bao pale yuko kwake. Mwanamke anayevuta buibui usoni kamera inapoelekezwa kwake ameshajibu, hata kama hakuna aliyemuuliza. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa kupiga picha na kupiga hodi, na mwenyeji wa pale hutarajia la pili litangulie, au angalau lifuate upesi. Katiba ya Kenya ya 2010 hulinda faragha katika Ibara ya 31, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza kinga. Lakini hakuna wakili anayesimama kichochoroni saa kumi na mbili asubuhi.

Wanafunzi wa Kiswahili wasidhani wanasemwa wengine. Waendapo nyanjani kukusanya data ya lahaja, huomba ridhaa ya kurekodi sauti na huandika jina la msimulizi kwa uangalifu. Kisha, wakiondoka, huinua simu na kumpiga picha jirani yake aliyeketi kibarazani, bila hata salamu. Daftari walilonalo mkononi lina nafasi ya kuandika jina la huyo jirani, mtaa wake, tarehe, na mahali pa kumpelekea nakala.