Msiwasimamishe Watoto wa Wambuti Darasani

"Wambuti, simameni tuwahesabu!"

Wasikilizaji wapenzi, maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu katika darasa la nne, shule moja hapa kwetu Ituri. Wageni walikuwa wameleta madaftari na kalamu, wakataka idadi. Watoto watano wakasimama, macho chini. Wenzao wakacheka. Juma lililofuata nilipita tena, nikakuta wawili tu. Mwalimu akaniambia: "Unaona? Hawa hawapendi masomo, wanapenda pori."

Mimi nakataa.

Njaa ipo, umbali upo. Ndiyo, tangu 2019 masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili, elimu ikiwemo. Lakini hayo yote yanamsaidia nini mtoto anayechekwa kila wageni wanapofika?

Kuna wachumi wanaochunguza jinsi jambo dogo linavyogeuza bidii ya mtu. Wawili wao, Karla Hoff na Priyanka Pandey, waliwapa wavulana wa vijiji vya kaskazini mwa India mchezo wa kutafuta njia kwenye karatasi. Pale ambapo tabaka halikutajwa, watoto wa tabaka la chini walifanya sawasawa na wale wa juu. Pale lilipotangazwa mbele ya wote, wa chini walishuka. Hakuna aliyewapunguzia akili. Kilichoongezwa ni tangazo tu!

Na sisi tunatangaza mara ngapi kwa mwaka? Familia mliokimbia vita mnanielewa, maana watoto wenu nao huambiwa: "Wakimbizi, nyoosheni mikono."

Kuacha jambo hili hakuhitaji hata franka moja. Orodha iandikwe ofisini kwa direkta. Madaftari wapewe wazazi jioni, ama darasa zima lipewe. Mwalimu aite jina la mtoto, si kabila lake. Na familia zikiingia porini msimu wa asali, mtoto akirudi apokelewe, asiitwe mtoro.

Watu wa mashirika watasema wafadhili wanadai picha na idadi. Idadi muulizeni kapita wa kijiji, ataimaliza asubuhi moja. Picha ya mtoto aliyeinamisha kichwa mnaipeleka wapi?

Direkta wa shule ile, najua unanisikiliza. Kalamu nyingine zinafika juma lijalo. Nitakuwa hapo mlangoni.