Safari Bila Kiswahili
Neno safari limetoka katika Kiswahili likaenea duniani, ilhali Mkenya anayepanga safari ya Maasai Mara kuwatazama simba aghalabu hupokelewa kwa Kiingereza. Mipango yake huwa mizuri: huenda kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wa Serengeti wanapokuwa Mara, hudamka alfajiri, kwani mchana simba hulala tu. Lakini mwongozaji, Mkenya mwenzake, humweleza yote kwa Kiingereza, kana kwamba Katiba ya 2010 haikukifanya Kiswahili lugha rasmi! Wanafunzi hukariri kwamba mtoto wa simba ni shibli. Neno hilo litumike wapi kama si mbugani? Vyama vya Kiswahili vyuoni vinapoandaa ziara, na vidai mwongozaji wa Kiswahili kabla ya kulipa.