Majarida ya sayansi yanunuliwe kwa pamoja





Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea. Mwaka jana nilihitaji makala moja tu juu ya michirizi kahawia ya muhogo, ugonjwa ambao mmea huweza kuonekana mzima juu huku mzizi ukioza ndani, mpaka mama anayemenya muhogo sokoni Kariakoo ndiye anayegundua hasara. Mchapishaji wa nje alitaka zaidi ya dola 30. Ofisi haina fungu hilo, ikabidi nimwombe kijana anayesoma Ulaya anitumie. Ajabu ni kwamba ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930 na Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Elimu iliyotoka mashambani kwetu leo tunaipigia hodi milangoni kwa watu!

Sikatai kwamba misaada ipo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, na mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo likaleta Agora, ili nchi kama yetu zisome bure. Lakini mchapishaji huamua mwenyewe atoe jarida lipi, na ofisi isiyojiandikisha haipati kitu. Vyuo na maktaba za utafiti vina umoja wao, COTUL, ambao wanachama huuchangia. Ofisi ndogo isiyo na fungu wala mkutubi hubaki nje.

Tujifunze kwa wafanyabiashara wa Kariakoo. Mwenye marobota mawili hakodi kontena zima kutoka China; huchanga na wenzake, kila mmoja akalipia nafasi ya mzigo wake. India nayo imefanya hivyo: Novemba 2024 Serikali yake iliidhinisha ununuzi wa pamoja wa majarida karibu 13,000 kwa taasisi za umma zaidi ya 6,300.

Naiomba Serikali iipe Tume ya Sayansi na Teknolojia fungu moja, ijadiliane bei kwa niaba ya ofisi zote za utafiti. Na pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ziwekwe kompyuta ambazo mtafiti atazitumia kwa kuonyesha kitambulisho chake cha kazi.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mtafiti,
Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.