Homa ya Baada ya Kuchanjwa

Watu wengi wa mjini Dar es Salaam wana kovu dogo begani, wala hawaulizi lilitoka wapi. Ni kovu la chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto hupewa mara akiisha kuzaliwa. Baada ya majuma mawili au zaidi, mahali palipodungwa hufanya kipele, kikapasuka na kutoa usaha kidogo, kisha kikakauka polepole. Hapo ndipo mama asiyefundishwa huingiwa na hofu. Mmoja hukikamua, mwingine hukipaka majani, na jirani huja kusema kwamba mtoto ametiwa sumu. Kumbe kidonda kile ni kazi ya mwili wenyewe, nacho hakitaki dawa yoyote ila kuachwa kikavu na safi.

Wa kulaumiwa hapa si mama. Wa kulaumiwa ni wale wamwambiao kwamba chanjo haina maumivu wala madhara yoyote. Husema hivyo kwa nia njema, ili asikimbie; lakini usiku ule mtoto akishikwa na homa, mama huona kwamba amedanganywa, na aliyedanganywa mara moja hasadiki tena hata aambiwapo kweli. Heri kumwambia mapema kwamba homa huenda ikaja, na sababu yake ni hii.

Tazameni soko la Kariakoo. Mtaa ule ulipata jina lake kwa Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, kikosi ambacho maradhi yaliwaua watu wake wengi kuliko risasi. Leo soko lina walinzi. Mwizi akikamatwa kwa mara ya kwanza, makelele hupigwa, watu hukusanyika, njia huzibika, na biashara husimama kwa kitambo. Lakini akirudi mwezi ujao, walinzi huujua uso wake, naye hushikwa mlangoni kabla hajagusa kitu. Ndivyo mwili ufanyavyo. Chanjo hutia mwilini kijidudu kilichouawa, au kilichodhoofishwa, au pengine kipande chake tu. Chembe nyeupe za damu hukikuta na kuitana. Mishipa midogo ya mahali pale hupanuka, damu huja kwa wingi, na ndiyo maana bega huvimba, likawa la moto na kuuma. Habari hufika hata kwenye ubongo, nao huamuru joto la mwili lipande. Baada ya siku kadhaa chembe nyingine huanza kutengeneza kingamwili za kupigana na kijidudu kile, na baadhi ya chembe hizo hubaki mwilini miaka mingi zikikumbuka. (Mfano huu una kasoro yake, kwa kuwa mlinzi wa soko huweza kupewa kitu kidogo akafumba macho.)

Wako wasikiao haya wakavuka mpaka, wakasema kwamba asiyepata homa hakupata kinga. Nalo si kweli. Wengi hupata kinga nzuri bila kuugua hata kidogo, na asiye na kovu begani asidhani kwamba hakuchanjwa. Kadi yake ya kliniki ndiyo shahidi.

Tena chanjo hazifanani. Ile ya kukinga dondakoo, pepopunda na kifaduro hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14. Homa yake huja siku ile ile au kesho yake, na kwa kawaida haipiti siku mbili. Ile ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo huhitaji muda wa kuongezeka; basi homa na vipele vyake, vikija, huja baada ya juma moja hivi, wakati mama amekwisha kusahau sindano. Mfikirieni mama auzaye khanga katika Mtaa wa Kongo. Mtoto wake wa majuma 6 alichemka usiku kucha, naye mama hakulala, na asubuhi hakuweza kufungua biashara. Juma la 10 likifika, nani atamlazimisha arudi? Asiporudi, mtoto hubaki na kinga nusu, na kifaduro huua watoto wachanga kuliko wakubwa. Neno moja la kweli kutoka kwa muuguzi, pamoja na dawa ya kushusha homa kwa kipimo chake, lingalimrudisha.

Haifai kuficha kwamba madhara makubwa nayo yapo, ingawa ni adimu sana. Mtu mmoja mmoja mwili wake hukataa dawa kwa nguvu, uso ukavimba na pumzi ikabana. Jambo hilo huja upesi, na ndiyo sababu aliyechanjwa huambiwa akae kliniki kwa muda kabla ya kwenda zake. Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani katika Ikulu ya Dar es Salaam, kuanzisha chanjo ya UVIKO-19 nchini. Chanjo ile ilikuwa ya Janssen, ambayo Marekani iliisimamisha kwa siku chache mwezi wa Aprili mwaka ule, kwa kuwa watu 6 katika watu wapatao milioni 7 walikuwa wameonekana na damu iliyoganda. Wengine waliichukua habari hiyo kuwa hoja ya kukataa. Lakini chanjo ya kuogopwa zaidi ni ile ambayo kasoro zake hazichunguzwi wala hazitangazwi.

Katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, alikuwako mpishi wa hospitali, jina lake Ali Maow Maalin. Aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu ya sindano. Mwezi wa Oktoba 1977 akashikwa na ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Akapona, na baadaye akazunguka akiwahimiza wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia habari zake mwenyewe. Alikuwa katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013, kwa malaria.

Tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania hupewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na wengi huipata shuleni. Waambiwe siku moja kabla kwamba bega litauma, na kwamba wakiisha kudungwa wakae chini robo saa, maana wako wanaozimia kwa hofu tu, kabla dawa haijafanya kazi yoyote.