Jangwa la kwenda Astrida

KUTOKA BUYENZI
Na Mwajuma Nzeyimana

Jaribu kwenda Huye kwa gari ukitokea Machakos. Utapita Nairobi na Nakuru, uvuke Uganda nzima, uingie Rwanda, na kitakachoyachosha macho yako mapema ni migomba. Migomba kushoto, migomba kulia. Halafu tafuta King Solomon's Mines, filamu ya MGM ya mwaka 1950. Stewart Granger na Deborah Kerr wanaanza safari upande wa Kenya, wanaishia kwa wachezaji warefu waliopigwa picha Astrida, yaani hiyo hiyo Huye ya leo, na kabla ya kufika wamevuka jangwa. Jangwa hasa, la mchanga na kiu.

Nimeiona filamu hii zaidi ya mara moja, na kila mara jangwa hilo linanikera kuliko simba na nyoka wote waliomo.

Kwenye kitabu lina udhuru. Rider Haggard, aliyekitoa mwaka 1885, alikuwa ameishi Afrika Kusini, na kutoka huko Kalahari si mbali. Wazee wetu waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, walilivuka jangwa hilo wakiwa shuleni na hakuna aliyelalamika. Lakini MGM waliihamishia safari yote huku kwetu. Kamera zilifika Machakos na Rumuruti, maporomoko ya Murchison, Tanganyika, Stanleyville kule Kongo, hadi Astrida. Kitabu walikifumua watakavyo: hata mwanamke, ambaye hayumo katika msafara wa Haggard, walimpachika. Jangwa wakaliacha lilivyo.

Waliliacha kwa sababu bila jangwa sisi ni majirani tu, na nchi ya majirani haina hazina ya mfalme iliyosahaulika. Hebu tujikumbushe Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilikuwaje wakati huo. Hapa ndipo Wabelgiji walipoendeshea Ruanda-Urundi yote. Bandari ilikuwapo, kahawa ilipakiwa melini hadi Kigoma, ikapanda treni hadi Dar es Salaam, ikaenda kunywewa ng'ambo. Mwaka 1948 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua nchi yetu na kuiandikia ripoti. Astrida kwenyewe palikuwa na Groupe Scolaire, shule iliyokusanya vijana wa Rwanda na wa kwetu, na mmoja wa wanafunzi wake miaka ile, kuanzia 1945, ni Louis Rwagasore. Ndiyo, yule yule shujaa wa uhuru wa Burundi. Pahali alipokaa darasani mwana wa Mwami Mwambutsa, akijiandaa kwenda kusoma Ubelgiji, ndipo Hollywood ilipoamua kuwa ni mwisho wa dunia.

Nisieleweke vibaya, filamu ni nzuri. Robert Surtees alipata Oscar kwa upigaji picha wa rangi, na wahariri wakapata ya kwao. Okestra haimo, unasikia ngoma na nyimbo za Waafrika tu, jambo ambalo studio za wakati ule zilikuwa hazithubutu. Wachezaji wanapoingia na zile nywele za katani kichwani, njuga zikilia miguuni, wakarusha shingo ile singa nyeupe ikachora duara hewani, kamera inatulia na kuwaacha wacheze. Hapo hakuna uongo. Upuuzi upo pia, na unafurahisha: Deborah Kerr anazikata nywele zake ndefu kwa mkasi, porini, anaziosha, anakaa juani, na zimejipanga vizuri kama katoka saluni. Wasusi wa Buyenzi wakimpata watamtoza mara mbili.

Sasa soma majina ya waigizaji. Aliyeigiza Umbopa, mfalme anayerudi kudai kiti chake, ameandikwa Siriaque. Basi. Mtu yeyote wa hapa anajua huyo ni Cyriaque, jina la ubatizo, na kwamba nyuma yake lazima lilikuwapo jina alilopewa na wazazi wake. Granger na Kerr wana majina mawili mawili. Aliyevaa taji ana la padri peke yake, tena limeandikwa kwa kusikia.

Mwaka 1959 MGM walifungua ghala, wakachukua vipande vile vile na kushonea filamu nyingine, wakaiita Watusi. Novemba ya mwaka huo nyumba za Watutsi zikaanza kuchomwa Rwanda, na wakimbizi wakaanza kuingia kwetu. Siilaumu studio kwa moto ule. Lakini watawala na wamisionari walikuwa wameshaandika kwamba baadhi yetu ni wageni, wametoka mbali, labda Ethiopia, labda Misri. MGM hawakuutunga uongo huo, ila waliutia rangi, wakauwekea jangwa kati ya hao wageni na majirani zao, na ukaonyeshwa sinema duniani kote. Sisi tuliozika watu katika mauaji ya mwaka 1972 na 1993 hatuwezi kuitazama kama burudani tu.

Ndiyo maana nataka itazamwe hapa. Tunalo tamasha la filamu la FESTICAB tangu 2009, na tuna filamu zetu tangu Léonce Ngabo alipotengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992. Watayarishaji watenge jioni moja, waweke maandishi ya Kirundi na Kiswahili chini ya picha, na sehemu ya ngoma wairudie polepole, mbele ya wazee wa pande zote mbili za mto Akanyaru. Mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024, najua. Basi nakala ipelekwe Huye, na wenzetu wa kule waionyeshe kwao. Awepo mtu mwenye daftari wa kuandika kila jina litakalotajwa. Aliyekuwa na miaka 15 kamera zilipofika Astrida ameshavuka 90, kwa hiyo wasingoje tamasha la mwaka kesho.