Dhahabu ya Kilwa Iko Lisbon, Nami Nataka Kwenda Kuiona

Kuna swali nimechoka nalo. Sema tu hapa Mtopanga kwamba unaweka akiba uende Lisbon siku nne, kutembea, uone. "Waenda kufanya nini?" Ukijibu "kutembea", mtu anakungoja umalize sentensi. Kutembea, halafu? Kuna kazi? Kuna chuo? Kuna mzungu?

Sisi tuna orodha fupi ya safari halali. Kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani ni halali, na ukoo mzima utachanga. Kwenda India kutibiwa ni halali, harambee itaitishwa. Hija ni halali na ina thawabu juu yake. Masomo, sawa. Lakini raha? Raha ni ya wageni. Shuka kutoka hapa hadi Bamburi au Shanzu uone hoteli zilizojengwa kwa ajili ya watu waliosafiri maelfu ya kilomita waje wasifanye chochote. Barazani hakuna anayewauliza wamekuja kufanya nini. Vijana wa mtaa huu huwatandikia vitanda, huwafagilia mchanga, huwabebea mabegi. Tumekuwa mafundi wa likizo za watu wengine, na sasa tunaona haya kutamani yetu.

Nasema hivi: mtu wa Mtopanga ana haki ya kwenda mji mkuu wa Ulaya kuzurura tu. Na kama kuna mji mmoja ambao Mswahili hapaswi kuulizwa anafuata nini, ni Lisbon.

Sikiliza. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa, mambo yakaharibika, akaenda Malindi, akapata rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1502 alirudi na merikebu zenye mizinga, akasimama Kilwa, akamlazimisha mtawala wa huko kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ilifika Ureno. Mwaka 1506 ikawa imetengenezwa chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi, kazi nzuri ajabu, na hadi leo kimo ndani ya kioo katika jumba la taifa la sanaa za kale mjini Lisbon. Mwaka 1505, huku fundi akiendelea na kazi yake, kundi jingine la merikebu, chini ya Francisco de Almeida, lilivamia Kilwa, kisha likaja likaichoma Mombasa.

Nenda Belém, kando ya mto Tagus, utakuta monasteri ya Jerónimos. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye ushuru wa viungo na biashara ya bahari hii yetu. Kaburi la Vasco da Gama limo humo. Watu hupanga foleni, hupiga picha, kisha huvuka njia wakale keki za maziwa na mayai.

Sasa, ili mimi nikaone dhahabu ya Kilwa, nifanye nini? Tangu Juni 2024 ada ya kuomba viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, zaidi ya shilingi 13,000. Ukinyimwa, hairudi. Ulete taarifa za benki. Ulete barua ya mwajiri, na hapo mwenye tuktuk au kibanda cha viazi karai ameshaanza kutokwa na jasho. Ulete bima ya kugharamia angalau yuro 30,000. Halafu kuna ile sababu ya kukataliwa inayoniudhi kuliko zote: shaka kwamba hutarudi kwenu. Yaani unahukumiwa kwa kosa ambalo hujalitenda, pengine hata hujaliwaza.

Upande wa pili? Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni na kuweka idhini ya mtandaoni, dola 30. Mreno anajaza fomu akiwa kitandani. Sisemi tumfungie. Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni msemo mzuri. Lakini je, siku mwenyeji anapotaka naye kuwa mgeni?

Linganisha na hili. Binti wa miaka 24 akienda Saudia kwa kandarasi ya miaka miwili, akakae ndani ya nyumba ya watu asiowajua, milango inafunguka. Serikali yetu yenyewe huzisifu kazi za ng'ambo na pesa zinazotumwa nyumbani. Binti huyohuyo akitaka siku nne za kutembea Lisbon na viatu vizuri, ubalozi unamshuku, na mtaa unamshuku vilevile. Mikono yake ina ruhusa ya kusafiri. Macho yake hayana.

Najua majibu. La kwanza: tembea kwenu kwanza, Fort Jesus umeimaliza? Bwana, Fort Jesus nimeingia mara nyingi hata sihesabu. Wareno waliijenga kuanzia 1593, Waomani wakaizingira 1696 hadi 1698 wakaitwaa, Waingereza wakaifanya jela. Lakini ngome ile ni nusu ya hadithi. Ni mkono uliopora. Mfuko ulikotiwa mali uko Lisbon. Anayeniambia nitosheke na Fort Jesus ananiambia nisome kurasa za mwanzo nifunge kitabu.

La pili: pesa hizo si ungejengea? Labda. Lakini harusi ya siku tatu humeza akiba ya miaka, na hakuna anayemuuliza bwana harusi kwa nini hakununua matofali. Tunajua kutumia pesa kwa furaha. Tatizo letu ni furaha ya mtu mmoja, aliyoipanga mwenyewe, mbali na macho ya jamaa.

Nina neno pia kwa wachache waliofanikiwa kufika. Nimeziona picha zenu. Tramu ya manjano, vigae vya buluu, keki mkononi, "maisha ni haya". Poa, raha ni raha. Lakini mmekaa siku nne katika mji huo na Kilwa hamkuitaja hata mara moja? Mnasema meza, bendera, leso, gereza, maneno yaliyotoka Ureno na yako vinywani mwetu kila siku, na mnatembea pale kama watu wasiohusika.

Kwa hiyo, kwa serikali: mlipofungua mlango 2024 mlipata nini mkononi? Tuambieni mnadai nini kwa ajili ya pasipoti yetu. Kwa wazee wa baraza: kijana akisema anaenda kutembea, mwambieni safari njema, basi. Na wewe unayeweka akiba kidogo kidogo kwenye M-Pesa, usione haya. Siku ukifika, kabla ya keki, nenda kwenye lile jumba la sanaa. Simama mbele ya kioo. Akija mtu kukuuliza umefuata nini, mwambie umekuja kuangalia mali ya pwani yenu.